Oda za Wateja na Ubunifu wa Msusi: Vikundi Vyetu Vipange Vipi?

Vikundi vya akina mama wanaosuka vikapu vya milulu hapa Iringa huishi kwa oda. Duka la watalii linataka vikapu 40 vya ukubwa mmoja, mfadhili anataka zawadi za wageni wa mkutano, usharika unataka vikapu vya sadaka. Fedha hizo ndizo zinazolipa ada ya Januari na kununua mbolea, na hatupendi mtu yeyote azidharau. Hata hivyo, katika ziara zetu za robo mwaka hutokea swali ambalo kamati nyingi hulipita haraka: mama anayesuka kikapu kile kile mwaka mzima, kwa rangi alizochaguliwa na mtu mwingine, bado ni fundi, au amekuwa kibarua nyumbani kwake? Wengine huliona kuwa ni swali la heshima tu. Sisi tunaona lina hesabu ndani yake.

Tuanze na kazi yenyewe. Milulu ni majani marefu yanayoota mabondeni penye unyevu. Hukatwa, huanikwa juani mpaka yakauke, na yale yatakayotengeneza nakshi huchemshwa pamoja na rangi. Kusuka huanzia kwenye kitako na kupanda taratibu hadi ukingoni. Kazi hii hufanyika baada ya shamba, maji na jikoni, kwa hiyo "siku ya kusuka" kwa kawaida ni saa chache tu za jioni.

Tuchukue mfano. Kikundi kina wanachama 12, na kila mmoja humaliza kikapu cha wastani kwa siku 4. Inakuja oda ya vikapu 120. Hiyo ni vikapu 10 kwa kila mama, yaani siku 40 za kusuka. Ongeza siku 10 za kukata, kuanika na kutia rangi, zinakuwa 50. Mnunuzi anavitaka baada ya siku 30. Kikundi kinakubali kwa kuogopa kumpoteza, kinasuka usiku kwa mwanga hafifu, ukingo unalegea, na sehemu ya mzigo inakataliwa. Mambo ya namna hii tumeyaona zaidi ya mara moja. Baada ya oda kama hiyo hakuna mwanachama mwenye nguvu ya kujaribu nakshi mpya, na mara nyingi oda nyingine ya aina ile ile imekwishafika.

Hasara iliyojificha ipo hapo. Mnunuzi huagizaje? Hunyoosha kidole kwenye sampuli iliyoko rafuni na kusema, "Nataka kama hiki." Sampuli hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwa mama fulani aliyekaa siku moja akasuka kilichokuwa kichwani mwake, bila kuagizwa na mtu. Kama miaka mitatu sasa hakuna aliyepata nafasi hiyo, rafu inakuwa na sampuli zile zile, kikundi cha kata ya jirani kimekwisha kuziiga, na kinachobaki kushindaniwa ni bei peke yake. Katika mashindano ya bei, anayeumia ni msusi.

Historia ya sanaa za nchi yetu inalionyesha jambo hili vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wachongaji wa Kimakonde mjini Dar es Salaam walikuwa wakichonga kwa wingi sanamu za watu na wanyama zilizopendwa na wageni. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa alileta sanamu ya ajabu isiyofanana na kitu chochote kilichoagizwa, na mfanyabiashara Mohamed Peera akainunua na kumtia moyo aendelee. Mtindo wa shetani ulianzia hapo, ukaja kuwa miongoni mwa kazi zinazotambulisha uchongaji wa Kimakonde duniani. Tunaomba wanunuzi waitafakari sehemu ya Peera: alinunua kitu ambacho hakukiagiza.

Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi karibu na mwaka 1968, akafariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Wanafunzi na ndugu zake waliendeleza mtindo huo, na mwaka 1990 wakaanzisha ushirika. Umelisha familia nyingi. Lakini kila anayepita kwenye maduka ya watalii ameona pia twiga na tembo wale wale wamepangwa safu kwa safu, na ni vigumu kujua nani kachora kipi. Kwa upande mwingine yupo George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, ambaye aliyachukua mashetani ya uchongaji akayapeleka kwenye picha za rangi kwa namna yake mwenyewe. Kazi zake hutafutwa kwa jina lake.

Basi vikundi vifanye nini? Hatushauri kukataa oda. Kuna vijana wenye elimu ya sanaa wanaokuja kuwaambia akina mama "wasuke kwa uhuru", kisha wanarudi mjini. Ada ya shule hailipwi kwa uhuru. Tunachoshauri ni kutenga sehemu. Katika kila vikapu vitano anavyosuka mwanachama, kimoja kiwe cha kwake: umbo, rangi na nakshi achague mwenyewe, na kikundi kisimuulize. Vikapu hivyo vikae rafuni mbele, viandikwe jina la msusi na bei iliyo juu kidogo. Vingine havitauzwa haraka, na kamati isishtuke. Kazi yake ya kwanza ni kuwa sampuli za mwaka ujao.

Kwa hiyo siku za kikapu hicho cha tano ziingizwe kwenye hesabu ya oda kabla ya kumpa mnunuzi tarehe. Katika mfano wetu, kila mama mwenye vikapu 10 vya oda atasuka pia viwili na nusu vya kwake, yaani siku 10 zaidi. Tarehe ya kweli ni siku 60. Mnunuzi aambiwe hivyo tangu mwanzo. Akiwa na haraka, apunguziwe idadi.

Malipo ya awali ni lazima, angalau nusu, kwa sababu kikapu chenye jina la kampuni au rangi za mkutano hakina mnunuzi mwingine kikikataliwa. Mteja akitaka nakshi mpya ibuniwe kwa ajili yake, kazi ya kubuni ilipwe peke yake kabla ya kusuka. Na maandishi yaseme kama nakshi hiyo itabaki ya kikundi au ya mteja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua hata sanaa zinazotumika za kazi za mikono, ila kikundi kisicho na karatasi kitapata shida kujitetea.

Wanakamati wanaopenda kusoma Maandiko watakumbuka kitabu cha Kutoka. Vipimo vya hema vilitolewa kwa dhiraa, kitu kwa kitu, na oda yenye masharti kuliko ile ni vigumu kuiona. Hata hivyo Bezaleli alipewa pia ustadi wa kubuni.

Neno kwa wafadhili na sharika, ambao ni wateja wetu wakubwa. Mnapoagiza, tunaomba mtaje matumizi, idadi, ukubwa na kiasi mlicho nacho, kisha nakshi mwachieni msusi. Kipimo kiandikwe kwa sentimeta, maana "kama kile cha mwaka jana" kimeleta ugomvi mwingi. Ombi la kutaka vikapu 80 vifanane kama vya kiwandani linafaa kwa vifuniko vya ndoo, si kwa milulu. Vikapu vya sadaka vya usharika mmoja vinaweza kutofautiana nakshi na bado vikapokea sadaka ile ile.

Oda za Krismasi zifike ofisini kabla ya mwisho wa Agosti. Mvua zikishaanza Novemba milulu haikauki sawasawa, na kikapu kilichosukwa kwa milulu mibichi huota ukungu kabla hakijafika kwa mwenyewe.