Bia Ikitangulia Nyama Choma

Wafaransa na Waitaliano wana desturi ya siku nyingi ya kunywa kileo kidogo kabla ya mlo, wakiamini kinaamsha hamu ya kula. Baadhi ya vinywaji hivyo vilianza kama dawa: mwaka 1846 Joseph Dubonnet wa Paris alichanganya mvinyo na kwinini ili askari wa Ufaransa huko Afrika Kaskazini waweze kumeza dawa hiyo chungu ya malaria. Kwetu nako, nyama ikishaagizwa, mchomaji anasema subirini kama saa moja, na bia zinafika mezani kabla hata ya kachumbari.

Imani ile ina ukweli. Majaribio mengi yameonyesha kuwa aliyetangulia kunywa kwa kawaida hula zaidi, ingawa kileo chenyewe kina kalori 7 kwa kila gramu. Anayepunguza uzito azingatie hilo.

Lakini zito zaidi ni kasi. Sehemu kubwa ya kileo huingia kwenye damu kupitia utumbo mwembamba. Tumbo likiwa na chakula, mlango wake wa chini hufunguka kidogo kidogo na kileo huchelewa humo. Likiwa tupu, kinapita moja kwa moja. Watafiti waliwapa watu wale wale kiasi kile kile cha kileo, mara wakiwa na njaa, mara wakiwa wamekula, wakawa wanawapima damu kila baada ya muda mfupi. Wakiwa na njaa, kileo kilipanda juu zaidi na mapema zaidi.

Kwa hiyo dereva wa bodaboda aliyeshinda na chai tu asijipime kwa chupa alizozoea kunywa akiwa ameshiba. Anayetumia insulini yuko hatarini zaidi: ini likishughulika na kileo hupunguza kutengeneza sukari, na bila chakula sukari ya mwili yaweza kushuka hadi akaanguka, huku wenzake wakidhani amelewa tu.

Chakula nacho hakifuti kileo. Ini lina mwendo wake, na kahawa haiuharakishi. Mama mjamzito asinywe kabisa, ameshiba au hajashiba. Kwa wengine watakaokunywa, ni heri supu na chapati zitangulie, na maji yawepo mezani, wakati nyama ingali jikoni.