Jenereta Mpya, Nyaya za Zamani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia ukubwa wa mashine, na kwa nini mtu wa milima ya Ngara, anayeishi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, asinunue jenereta kwa namba zilizoandikwa ubavuni pekee. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabochaji huishiwa nguvu kadiri inavyopanda. Leo tunaingia kwenye nyaya.

Ngara na Biharamulo zinaijua dizeli kwa muda mrefu. Kabla ya gridi ya Taifa kufika, miji hii ilitegemea vituo vya jenereta vya TANESCO, ikiwemo mitambo iliyoletwa kwa msaada wa serikali ya Uholanzi. Sasa upo mtambo wa maporomoko ya Rusumo kwenye Mto Kagera, megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa, na njia ya kilovolti 220 inatoka huko hadi kituo cha Nyakanazi wilayani Biharamulo. Hata hivyo jenereta za watu binafsi hazijaondoka. Hospitali, vituo vya mafuta na nyumba za wageni kando ya barabara ya malori bado zinazihitaji umeme unapokatika. Nyingi zimechoka na zinabadilishwa, na katika kubadilisha ndiko ninakoona hatari kubwa kuliko katika kufunga mashine kwa mara ya kwanza.

Mwenye mali hudhani kazi ni kufungua nyaya kwenye mashine iliyokufa na kuzikaza kwenye iliyokuja, rangi kwa rangi. Rangi hizo zimebadilika. Katika majengo mengi ya zamani ya fezi tatu, nyaya za fezi ni nyekundu, njano na bluu, na nyutro ni nyeusi. Mashine nyingi za siku hizi huja na fezi za kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ya bluu. Tazama kinachotokea. Bluu ya jengo, ambayo ni fezi, inafungwa kwenye bluu ya mashine, ambayo ni nyutro. Nyeusi ya jengo, ambayo ni nyutro, inafungwa kwenye nyeusi ya mashine, ambayo ni fezi. Fundi anaridhika kwa sababu kila rangi imekutana na mwenzake.

Jenereta ikiwashwa, vyumba vilivyokuwa kwenye fezi ya bluu vinapata volti 230 kama kawaida na taa zinawaka vizuri. Vyumba vya fezi nyekundu na njano vinapokea volti 400, kwa kuwa sasa vimekaa kati ya fezi mbili. Friji, televisheni na chaja zinaungua papo hapo. Hata vile vyumba vinavyoonekana salama si salama: swichi ya ukutani inakata nyutro badala ya fezi, na mtu anayebadilisha balbu baada ya kuzima anashika waya wenye umeme.

Kwa hiyo rangi isiaminiwe, kiaminiwe kipimo. Mashine iwashwe peke yake, bila kuunganishwa na jengo, na multimita ioneshe volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya kila fezi na nyutro. Upande wa jengo, umeme wote ukiwa umezimwa, kila waya ufuatiliwe hadi mwisho wake na uvishwe alama mpya isiyofutika. Kazi hii huchukua saa chache, na hakuna haja ya kuokoa pesa kwa kuiruka.

Lipo pia suala la mpangilio wa fezi. Zikipishana mbili, taa hazitajua, lakini mota zitazunguka kinyumenyume: mashine ya kusaga itageuka upande usio wake, na pampu ya kisima itavuta maji kidogo au isivute kabisa. Dawa yake ni kubadilishana fezi mbili kwenye waya unaotoka kwenye jenereta. Mota yenyewe isiguswe, maana kwa umeme wa TANESCO inazunguka sawasawa.

Sasa chenji ova. Swichi hii ndiyo inayohakikisha jengo linakula umeme wa upande mmoja tu. Kwa fezi tatu inafaa iwe ya nguzo nne, ikate na nyutro pia. Wapo wanaoiruka na kuchomeka waya wenye plagi pande zote mbili kwenye soketi. Huo ni uuaji unaosubiri siku yake. Umeme wa jenereta hurudi hadi kwenye transfoma ya mtaani, ambayo huupandisha kutoka mamia ya volti hadi maelfu. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo Rulenge au Nyakahura, akiamini njia imezimwa, anakutana nao mikononi.

Chenji ova ikikata nyutro, jenereta inabaki bila ardhi ya TANESCO, hivyo lazima iwe na yake: nyutro yake iunganishwe na fimbo ya shaba iliyozikwa vizuri. Kwenye miinuko yenye mawe udongo hupitisha umeme kwa shida, na kiangazi cha Juni hadi Agosti huzidisha. Pima ardhi majira hayo, si wakati wa mvua.

Betri nayo isisahaulike. Kama mashine ya zamani iliwashwa kwa volti 12 na mpya inataka 24, chaja iliyobaki ukutani haifai tena. Nyaya za stata ziwe nene na fupi.

Unapomwita fundi, mwombe kwanza leseni yake ya EWURA na uangalie daraja lake linaruhusu kazi gani. Kisha simama naye anapopima, umwone akiandika namba za kila fezi, na usimlipe kabla hajamaliza. Sehemu ya tatu itahusu tangi la mafuta na bomba la moshi.