Nyota akiumia katikati ya msimu, nani abebe mzigo wake?

Na Mwandishi Wetu, Tabora

MASHABIKI wa soka mkoani Tabora hawajaisahau Agosti 16, 2023. Siku hiyo timu yao, iliyopanda Ligi Kuu kwa jina la Kitayosce kabla ya kuitwa Tabora United, iliingia kwenye Uwanja wa Azam Complex, Chamazi, jijini Dar es Salaam, kuumana na Azam FC ikiwa na wachezaji wanane tu. Nyota wake wapya walikuwa wamekwama kutokana na kizuizi cha usajili cha Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA).

Kilichofuata kilikuwa cha kusikitisha. Wachezaji walipoumia, idadi ilishuka hadi chini ya saba, na sheria za mchezo haziruhusu pambano kuendelea katika hali hiyo. Mwamuzi alilazimika kulimaliza kabla ya mapumziko, Azam ikiwa mbele kwa mabao 4-0.

Mkasa huo ulikuwa wa aina yake, lakini unaibua swali ambalo kila klabu hukutana nalo mapema au baadaye: mchezaji tegemeo anapopata jeraha kubwa katikati ya mapambano, klabu inaruhusiwa kufanya nini? Na kwa nini haiendi tu sokoni siku ya pili kutafuta mwingine?

Wakazi wa Tabora hawalioni swali hilo kuwa geni. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikuu cha misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioubeba uchumi wa njia hiyo mabegani. Mpagazi alipougua njiani, mzigo wake haukuachwa porini. Uligawanywa kwa wenzake, au msafara ulisimama hadi apatikane mwingine.

Mfano unaojulikana zaidi uko Kwihara, nje kidogo ya mji. Machi 1872, mwandishi wa habari Henry Stanley alimwacha hapo mpelelezi David Livingstone na kurejea pwani, akiahidi kumtafutia wapagazi. Livingstone alisubiri hadi Agosti ndipo watu hao walipofika na safari ikaendelea. Miezi mitano ilipita kwa kusubiri watu wa kubeba mizigo. Klabu inayoumiza kipa wake mwezi Septemba huwa katika hali inayofanana na hiyo.

Sababu ni kwamba soko la wachezaji haliko wazi mwaka mzima. Kwa kanuni za FIFA, kila nchi huwa na vipindi viwili tu vya usajili kwa mwaka. Hapa nchini kuna dirisha kubwa, linalofunguliwa kabla ya msimu kuanza, na dirisha dogo, ambalo kwa kawaida huangukia kati ya Desemba na Januari. Nje ya vipindi hivyo, klabu haiwezi kumsajili mchezaji mwenye mkataba na klabu nyingine, hata kama fedha ziko mezani na pande zote zimekubaliana.

Lengo la utaratibu huo ni kulinda haki ya mashindano. Kama milango ingekuwa wazi siku zote, klabu tajiri ingeweza kununua mshambuliaji wa mpinzani wake wiki moja kabla ya mechi ya kuamua ubingwa. Hivyo, tarehe ya kuumia kwa mchezaji huweza kuwa na uzito sawa na ukubwa wa jeraha lenyewe.

Hakuna klabu nchini inayolifahamu jambo hilo kuliko Simba. Aprili 2023, kipa wake namba moja, Aishi Manula, aliumia na baadaye kufanyiwa upasuaji nchini Afrika Kusini. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mbele yake kulikuwa na robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad Casablanca ya Morocco.

Wekundu wa Msimbazi hawakuwa na njia nyingine ila kumgeukia kijana Ally Salim, ambaye kwa muda mrefu alikuwa mtu wa benchi. Aprili 16 alisimama langoni Simba ikiifunga Yanga mabao 2-0. Aprili 22 hakuruhusu bao nyumbani, Simba ikishinda 1-0. Wiki iliyofuata, mjini Casablanca, Wydad nayo ilishinda 1-0 na kuitoa Simba kwa mikwaju ya penalti 4-3. Simba ilitolewa, lakini si kwa sababu ya pengo langoni. Agosti mwaka huo huo, Salim alipangua penalti tatu za Yanga mjini Tanga na kuipa timu yake Ngao ya Jamii.

Mambo yalikuwa tofauti pale majeraha yalipotokea dirisha likiwa wazi. Kipa Mbrazili, Jefferson Luis, aliyesajiliwa katikati ya mwaka 2023, aliumia wakati wa maandalizi ya msimu nchini Uturuki. Simba iliachana naye na kumchukua Ayoub Lakred kutoka Morocco. Mwaka mmoja baadaye, Lakred naye aliumia kambini nchini Misri, na klabu ikamleta Moussa Camara kutoka Horoya ya Guinea. Camara alikuwamo kikosini wakati Simba ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025.

Klabu ni moja na nafasi ni ile ile ya langoni, lakini hatua zilizochukuliwa zilikuwa tofauti kabisa. Kilichobadilika ni kalenda.

Hata hivyo, kanuni zina matundu machache ya kupumulia. La kwanza ni mchezaji huru. Mchezaji ambaye mkataba wake ulimalizika kabla ya dirisha kufungwa anaweza kusajiliwa baadaye, iwapo kanuni za ligi husika zinaruhusu. Barcelona ilitumia njia hiyo mwaka 2024. Kipa na nahodha wake, Marc-André ter Stegen, aliumia vibaya goti mwezi Septemba. Siku chache baadaye klabu ilimsajili Wojciech Szczęsny, Mpoland aliyekuwa ametangaza kustaafu mwezi Agosti.

Lakini hata huyo hakuingia langoni siku hiyo hiyo. Kipa wa akiba, Iñaki Peña, ndiye aliyeendelea kucheza hadi Januari 2025, Szczęsny alipopewa nafasi. Msimu huo Barcelona ilitwaa ubingwa wa Hispania na Kombe la Mfalme. Mbadala anayetoka nje huhitaji muda wa kurudisha pumzi na kuelewana na mabeki wake, na katika muda huo mzigo hubaki kwa aliyekuwapo.

Tundu la pili ni ruhusa maalumu ya jeraha la muda mrefu. Februari 2020, Barcelona hiyo hiyo ilimpoteza Ousmane Dembélé na kuruhusiwa kusajili mshambuliaji mmoja nje ya dirisha, kwa sharti kwamba atoke ndani ya Hispania. Ilimchukua Martin Braithwaite kutoka Leganés kwa kulipa euro milioni 18 zilizotajwa katika mkataba wake. Leganés ilikuwa ikipigana isishuke daraja, na yenyewe haikuruhusiwa kuziba pengo lililoachwa. Msimu ulipomalizika ilishuka kwa tofauti ya pointi moja. Maumivu ya tajiri yalikuwa yamehamishiwa kwa maskini.

Nchini Marekani, katika mchezo wao wa kandanda ya kukimbia na mpira mkononi, utaratibu ni mwingine. Huko mtu muhimu zaidi uwanjani ni kwotabeki, anayeanzisha karibu kila shambulizi, na klabu hubadilishana wachezaji kama wafanyabiashara wanavyobadilishana bidhaa. Agosti 30, 2016, Teddy Bridgewater wa Minnesota Vikings aliumia vibaya goti mazoezini, siku 12 tu kabla ya mechi ya kwanza ya timu yake. Siku nne baadaye Vikings ilimchukua Sam Bradford kutoka Philadelphia Eagles, na malipo hayakuwa fedha. Yalikuwa ni haki ya kuchagua chipukizi katika raundi ya kwanza mwaka 2017, pamoja na nyingine ya baadaye yenye masharti.

Kwa mwanzo ilionekana biashara nzuri, kwani Vikings ilishinda mechi tano mfululizo. Lakini ilimaliza na ushindi mara nane na kushindwa mara nane, na haikufuzu kwa hatua ya mtoano. Eagles, kwa upande wake, ilitumia nafasi iliyopewa kumchagua Derek Barnett, aliyekuwa kikosini ilipotwaa ubingwa Februari 2018. Ajabu ni kwamba Eagles ilichukua taji hilo ikiongozwa na kwotabeki wa akiba, Nick Foles, baada ya tegemeo lake, Carson Wentz, kuumia goti Desemba 2017.

Aliyenunua kwa haraka alilipa kwa kesho yake, na aliyemtunza mtu wa akiba alivuna.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo shabiki anapaswa kuyajua. Kwanza, kuumia hakufuti mkataba. Kanuni za FIFA haziruhusu upande mmoja kuvunja mkataba katikati ya msimu bila sababu ya msingi, na jeraha alilolipata mchezaji akiitumikia klabu si sababu ya kumtupa. Kwa hiyo klabu inayosajili mbadala hujikuta ikilipa mishahara miwili kwa nafasi moja, isipokuwa ikikubaliana na majeruhi kuachana. Akiwa raia wa kigeni, huongezeka hesabu nyingine, kwa kuwa Ligi Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa idadi ya wachezaji wa nje.

Pili, madeni hufunga milango. Klabu isiyowalipa wachezaji au makocha wake wa zamani inaweza kufungiwa kusajili hadi vipindi vitatu mfululizo. Klabu ya namna hiyo, hata nyota wake akivunjika mguu wiki ya kwanza ya dirisha kubwa, haitaweza kumleta mwingine. Ndiyo maana mkasa wa Chamazi haukuanza siku ya mechi. Ulianzia katika mafaili ya ofisi.

Tabora ina kumbukumbu ndefu ya kupanda na kuanguka. Rhino Rangers ilipanda Ligi Kuu na kushuka baada ya msimu mmoja tu wa 2013/14. Tabora United, yaani Nyuki wa Tabora, ilinusurika msimu wake wa kwanza kwa kupitia mechi za mtoano. Lakini ilipopata kikosi kilichokamilika iliishangaza nchi nzima, kwa kuichapa Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam Novemba 7, 2024. Msimu wa 2025/26 timu hiyo iliuanza kwa jina jipya la TRA United.

Jina linaweza kubadilika, lakini somo ni lile lile. Klabu ya mkoani haina uwezo wa kuagiza kipa kutoka Guinea kila anayelinda lango anapoumia. Kinga yake ni ya bei nafuu zaidi: kulipa madeni kwa wakati, na kumpa kipa wa pili mechi za kutosha kabla ya siku ya shida kuwadia. Viongozi wa misafara ya zamani walilijua hilo. Mtu wa akiba huandaliwa Bagamoyo, kabla ya kuondoka. Hatafutwi katikati ya pori.