Kansa nayo iko na mizani yake

Sisi ba-creuseurs tunajua ubaya wa mizani mbili. Unaleta kasiterite, mnunuzi wa kwanza anakuambia teneur iko chini, wa pili anasema ingine, na wewe ndiye unapoteza. Kwa kansa, kama kila munganga angepima kwa mizani yake, anayepoteza angekuwa mgonjwa.

Mizani moja ilianzia Ufaransa. Kati ya 1943 na 1952, munganga Pierre Denoix, wa Institut Gustave-Roussy kule Villejuif, alipanga herufi tatu. T ni uvimbe wenyewe, ukubwa wake. N ni tezi za karibu, kama zimeguswa. M ni kama kansa imeshasafiri mbali, kwenye mapafu, maini ao mifupa. Mwaka 1968, muungano wa dunia wa kupigana na kansa, UICC, ulitoa kitabu cha kwanza cha TNM. Wataalamu wanakirudilia mara kwa mara, sababu wanahesabu: wagonjwa wa hatua hii waliishi muda gani, na matunzo gani iliwasaidia.

Kansa ya mlango wa kizazi iko na mizani ya FIGO, muungano wa waganga wa bamama. Zamani hatua ilitoka zaidi kwa mkono na macho ya munganga. Tangu 2018, picha na maabara vinaweza kubadilisha hatua. Pale mashine hakuna, mkono bado unakubaliwa. Hiyo ni haki kwa mahali kama Kabalo.

Mama mmoja, jirani yangu, alirudi kutoka hospitali na karatasi: "IIB". Jamaa wakaketi. Muzee mmoja akasema: "Ni namba ya kitanda." Mwengine: "Ni kusema dawa hakuna tena, tusipoteze feza." Wote wawili walikosea. IIB inasema kansa imetoka kwenye mlango wa kizazi na kuingia nyama za pembeni, lakini haijafika ukuta wa nyonga. Kwa kawaida inatunzwa kwa miale pamoja na dawa, si kwa kisu, na nia ni kuponya. Mashine ya miale haiko Kabalo. Lakini kuuza mbuzi kwa ajili ya safari, hapo kuna maana.

Mama alipanda treni.

Basi bandugu, kabla ya kutoka kwa munganga, ulizeni: "Ni hatua gani?" Aandike kwenye karatasi ya transfert. Bila ile namba, kule mbele wanaanza tena kutoka mwanzo, na kila kipimo unalipa mara ya pili.