Bima ya afya Kenya: Mzigo kwa mshahara, mkataba kwa makampuni

MFUKO mpya wa bima ya afya wa Kenya ulipoanza kazi Oktoba 1, 2024, wengi waliuchukulia kuwa ni habari ya wagonjwa na madaktari. Kumbe ni habari ya soko vilevile. Mfuko huo unagusa mshahara wa kila mwajiriwa, kampuni kubwa kuliko zote katika soko la hisa la Nairobi, makampuni ya bima ambayo mojawapo hisa zake zimeorodheshwa hata hapa Dar es Salaam, na hospitali za binafsi zenye mikopo ya benki. Wiki hii tunaeleza fedha hizo zinatoka kwa nani na zinapita mikononi mwa nani kabla hazijafika kitandani kwa mgonjwa. Shilingi zote tutakazotaja ni za Kenya.

Tuanze na mfuko wa zamani, NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966. Viwango vyake vya mwisho vilipangwa mwaka 2015 kwa mtindo wa ngazi. Mwenye mshahara wa Sh 20,000 kwa mwezi alikatwa Sh 750. Mwenye Sh 100,000 alikatwa Sh 1,700, na hapo ngazi ikaishia. Mkurugenzi wa Sh 500,000 naye alilipa Sh 1,700 hiyo hiyo.

Tupige hesabu. Sh 750 katika Sh 20,000 ni asilimia 3.75. Sh 1,700 katika Sh 500,000 ni asilimia 0.34. Kwa maneno mengine, mlinzi au karani alibeba mzigo mzito mara kumi na moja kuliko mkurugenzi wake, ukiupima kwa mshahara wa kila mmoja. Hali hiyo ilidumu kwa miaka tisa bila kelele kubwa mjini Nairobi.

Sheria iliyotiwa saini Oktoba 2023 ilivunja ngazi hiyo. Mfuko mpya wa SHIF, ulio chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii inayojulikana kama SHA, unakata asilimia 2.75 ya mshahara wote, kiwango cha chini kikiwa Sh 300 kwa mwezi, na juu hakuna kikomo. Karani wa Sh 20,000 sasa analipa Sh 550, yaani amepata nafuu ya Sh 200. Mkurugenzi wa Sh 500,000 analipa Sh 13,750, ongezeko la Sh 12,050 kila mwezi. Mpaka kati ya waliopata nafuu na waliopandishiwa uko karibu na mshahara wa Sh 35,000.

Hapo ndipo kelele zilipoanza, na nyingi zilitoka juu ya mpaka huo. Si haki kuwacheka. Mwalimu au mhasibu wa Sh 60,000 si tajiri, na alikuwa ameshaanza kukatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Kesi zikafunguliwa. Julai 2024 Mahakama Kuu ilizitangaza sheria hizo kuwa kinyume cha katiba, na Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ikaruhusu utekelezaji uendelee huku rufaa ikisubiri kusikilizwa.

Lakini kuna jambo ambalo mjadala uliliruka, na kwa mfanyabiashara ndilo kubwa. Katika ushuru wa nyumba mwajiri naye anatoa asilimia 1.5 yake. Katika mfuko wa pensheni mwajiri anachangia sawa na mfanyakazi. Katika SHIF mwajiri hachangii hata senti moja. Kazi yake ni kukata na kupeleka. Hapa Tanzania sheria ya NHIF yetu, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilipanga asilimia 6 ya mshahara igawanywe nusu kwa nusu, 3 kwa mfanyakazi na 3 kwa mwajiri. Kwa hiyo mageuzi ya Kenya, pamoja na sifa zake za usawa, yamehamisha mzigo kutoka mshahara mdogo kwenda mshahara mkubwa. Faida ya kampuni hayakuigusa.

Yapo mengine mawili ya namna hiyo. La kwanza ni la kodi. Kuanzia Desemba 27, 2024, mchango wa SHIF unatolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Mkurugenzi wetu wa Sh 500,000 yuko kwenye kiwango cha asilimia 30, hivyo katika Sh 13,750 anazokatwa, kama Sh 4,125 zinamrudia kwa njia ya kodi pungufu. Karani wa Sh 20,000 halipi kodi ya mshahara kabisa, kwa kuwa msamaha wa Sh 2,400 kwa mwezi unaimeza yote. Hana cha kupunguziwa. Nafuu imekwenda kwa yule yule ambaye sheria ilidai kumwongezea.

La pili ni utajiri usiokuwa mshahara. Kwa wasioajiriwa, sheria inataka asilimia hiyo hiyo ya kipato cha kaya, inayokadiriwa kwa kipimo cha uwezo na kulipwa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kipimo hicho kinauliza nyumba imejengwa kwa nini na kaya inamiliki nini. Kinaweza kumtenganisha mama muuza mboga na mkulima mdogo, lakini sioni kitamfikia vipi mwenye maghorofa ya kupangisha na hisa za mamilioni. Gawio lake linakatwa kodi ya asilimia 5 na mambo yanaishia hapo. Hakuna mhasibu anayelikata SHIF kabla halijamfikia. Katika mwaka 2025 waliojiandikisha SHA walipita milioni 20, lakini uti wa mgongo wa michango ulibaki kuwa watu wa mishahara, kwa sababu ndio ambao hawana pa kukwepea.

Sasa tuje kwenye mkataba. Mfumo wa kompyuta unaoendesha SHA ulipewa ubia wa makampuni matatu: Safaricom, Apeiro na Konvergenz. Thamani yake ni Sh bilioni 104.8 kwa miaka kumi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, iliyotoka Machi 2025 ilieleza kwamba mfumo ulinunuliwa kwa utaratibu maalumu bila zabuni ya ushindani, na kwamba umiliki wake haumo mikononi mwa serikali. Ripoti ilitaja pia njia za kujilipa, zikiwemo asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali. Serikali ilijitetea kwamba haikutoa fedha za kuanzia na kwamba inalipa kadiri inavyotumia.

Utetezi huo una maana yake kibiashara. Serikali isiyokuwa na fedha taslimu inampa mwenye mtaji ajenge, kisha inamwachia akusanye njiani. Ndivyo barabara za kulipia zinavyojengwa. Tofauti ni kwamba barabara ikiwa ghali dereva atapita njia ya zamani, ilhali mchango wa afya ni lazima na njia nyingine haipo. Mapato ya mwenye mfumo yanafuata mzunguko wa fedha. Mgonjwa akipona au asipopona, fungu lake halibadiliki. Na serikali isiyomiliki mfumo itakuwa na shida kubwa kumwondoa mwenye mfumo mkataba utakapokwisha, maana kumbukumbu zote za wanachama zitakuwa zinapita humo.

Wasomaji wenye hisa za Safaricom, au wanaozitamani, watauliza: hii ni habari njema kwetu? Si kubwa kama inavyosikika. Fungu la Safaricom katika ubia ni asilimia 22.56, Apeiro ndiyo yenye fungu kubwa, asilimia 59.55. Hata tukichukulia kwamba mapato yatagawanywa kwa uwiano huo, Safaricom itapata kama Sh bilioni 23.6 kwa miaka kumi, wastani wa bilioni 2.4 kwa mwaka. Kampuni hiyo ina mapato ya zaidi ya Sh bilioni 350 kwa mwaka, hivyo tunazungumzia chini ya asilimia moja. Anayekuambia ununue Safaricom kwa sababu ya SHA hajapiga hesabu. Fungu kubwa liko kwa kampuni ambayo haimo kwenye soko la Nairobi, na mwekezaji mdogo hawezi kununua hata hisa moja yake. Anachoweza kufanya ni kuchangia tu.

Hospitali ndizo zinazoumia, na hapa wafanyabiashara wa dawa na vifaa wafungue macho. NHIF ilipofungwa iliacha madeni ambayo chama cha hospitali za binafsi, RUPHA, kilisema yanapita Sh bilioni 30. Februari 2025 wanachama wake walisimamisha huduma za SHA. Machi, Rais William Ruto aliahidi kwamba wanaodai Sh milioni 10 au chini walipwe zote, na wanaodai zaidi wahakikiwe kwanza. Uhakiki una sababu, kwani madai ya uongo yapo. Agosti 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha makumi ya hospitali kwa tuhuma hizo. Lakini muda nao ni fedha. Hospitali yenye mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikicheleweshewa dai la Sh milioni moja kwa miezi minne, imepoteza Sh 60,000 kwa riba peke yake. Hiyo ni sawa na asilimia 6 ya dai lote, na huenda ndiyo iliyokuwa faida yake.

Hospitali kubwa ya Nairobi yenye wagonjwa wa bima za makampuni inaweza kuhimili. Ile ya vitanda ishirini Kakamega au Kitui inaanza kumchelewesha muuza dawa, naye muuza dawa anamchelewesha mwagizaji. Anayepeleka bidhaa kwenye hospitali za namna hii kwa mali kauli aulize jambo moja kabla ya jingine lolote: ni sehemu gani ya mauzo yao inategemea SHA? Kama jibu ni zaidi ya nusu, bei yako lazima ibebe miezi ya kusubiri, la sivyo wewe ndiye utakayeikopesha serikali ya Kenya bila riba.

Yabaki makampuni ya bima. Zamani mwanachama wa bima ya binafsi alipolazwa, NHIF ililipa sehemu ya gharama na bima ikamalizia. Mfuko wa umma unapochelewa au kugoma, bima ndiyo inayobeba yote, kwa kuwa mteja wake hatakubali kusubiri mlangoni. Bima ya matibabu ndiyo tawi kubwa kuliko yote katika bima zisizo za maisha nchini Kenya, lakini ukubwa wa mauzo si ukubwa wa faida. Yapo makampuni yanayokusanya mabilioni ya ada za matibabu na kupata hasara kwenye bima yenyewe, yakiokolewa na riba ya hatifungani za serikali.

Kampuni inayotuhusu zaidi ni Jubilee, ambayo hisa zake ziko Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, na ambayo ni mkubwa wa soko la bima ya afya Kenya. Hesabu zake zikitoka, usiishie kwenye mstari wa faida ya jumla. Tafuta matokeo ya tawi la afya, linganisha madai yaliyolipwa na ada zilizokusanywa, kisha uangalie kama ada za mwaka uliofuata zilipandishwa. Zikipanda, waajiri wa Kenya ambao SHIF haikuwatoza kitu watakuwa wameanza kulipa kwa mlango wa pili, kupitia bima za wafanyakazi wao. Wale wa Sh 20,000, ambao wengi wao hawana bima ya pili, watabaki kwenye foleni ya SHA.