Chuo Kikuu Chini ya Mkorosho

Mgeni apitaye Kakuyuni, bara kidogo ya mji wa Malindi, ataona minazi, mikorosho, mashamba ya mahindi na vijana wa bodaboda wakingoja abiria. Hataona chuo kikuu. Lakini mwaka 2020 mimi nilikiona hapa hapa, nyuma ya nyumba ya mama yangu.

Wasomaji watakumbuka kwamba tarehe 15 Machi mwaka huo, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa nchini Kenya, serikali iliamuru masomo yasimame. Wanafunzi wa vyuo vikuu walipewa hadi tarehe 20 wawe wameondoka. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliteremka kwenye matatu na godoro lake. Alikuwa mwaka wa pili. Mwezi Aprili njia za kuingia na kutoka Kilifi, Kwale na Mombasa nazo zikafungwa.

Vyuo kufungwa si jambo geni kwetu. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa muda mrefu, na wanafunzi wakakaa majumbani bila masomo. Safari hii milango ilifungwa, lakini baadaye walimu wakaanza kufundisha kwa mtandao.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Ndani ya nyumba mtandao haukushika. Ulishika chini ya mkorosho tu. Na masika kwetu ni wakati wa kulima na kupanda. Mama akamtazama mjukuu wake ameketi kivulini na simu tangu asubuhi, hali wenzake wamo shambani.

"Mjukuu wangu, mchumia juani hulia kivulini. Wewe wachumia wapi?"

"Bibi, niko darasani."

"Darasa gani hilo lisilo na mwalimu?"

Siku moja, katikati ya jaribio, mvua ilinyesha na mtandao ukakatika. Alama zikapotea, ikambidi alirudie somo lile. Usiku alinijia akilia. "Mjomba, heri niache nitafute kazi Malindi." Lakini kazi ilikuwa wapi, na watalii hawakuwapo?

Tukakaa kitako kama jamaa. Mbuzi mmoja aliuzwa, fedha zikanunua bando na kulipia kuchaji simu dukani. Tukakubaliana kwamba alfajiri ashike jembe pamoja na bibi yake, na saa nne aende mkoroshoni. Haikupita wiki mbili, mama mwenyewe alikuwa akiwafukuza watoto: "Nyamazeni, mwenzenu anasoma!"

Binti alihitimu. Kijana wa jirani, ambaye nyumba yao nzima ilikuwa na simu moja, hakurudi chuoni. Leo anaendesha bodaboda. Akili hakupungukiwa, alipungukiwa chombo.

Basi Korona imetuachia nini? Vyuo vilipofunguliwa tena kwa awamu, masomo ya mtandao hayakuondoka. Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati yake, nacho hufundisha kwa mtandao. Jirani zetu walitutangulia katika kumfuata mwanafunzi alipo: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1992, nacho kina vituo mikoani.

Sisemi kwamba simu itachukua mahali pa kila kitu. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, kilichopata hati yake mwaka 2013, kilianzia katika taasisi ya kilimo. Nani atajifunza udongo bila kuushika, au kupima dawa bila maabara? Mhadhara waweza kusafiri, maabara haisafiri.

Lakini kama masomo yatakuja vijijini, yaandaliwe pa kukaa. Chumba kimoja katika kila wadi, chenye umeme, mtandao, viti na vitabu, kingewafaa vijana wengi. Tumejenga madarasa ya chekechea kwa harambee. Hiki nacho hakitushindi.

Mdogo wake binti yule sasa yuko chuoni, na baadhi ya vipindi vyake huja kwa simu. Anapokuwa likizoni namwona chini ya mkorosho ule ule. Mvua ikianza, huinuka mbio, simu kifuani, na somo lake hukatika.