Kutembea tena baada ya kiharusi

Mwenzetu mmoja alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Kwa huruma tulimbeba hata kwenda chooni, tukimvuta kwa mkono mgonjwa mpaka bega likamuuma. Tulikosea.

Mtaalamu wa mazoezi, yule tunayemwita kine, alitufundisha: ainuke kitini mara kadhaa, apumzike, arudie, aweke uzito kwenye mguu dhaifu, msaidizi asimame upande huo huo. Miezi 3 ya kwanza ina faida kubwa, lakini hata baadaye mwili unajifunza.

Leo anafika sokoni na fimbo yake, polepole.

Mnaye mgonjwa nyumbani? Msimwache kitandani. Mwulizeni daktari mazoezi yaanze lini. Tansio ipimwe pia, maana kiharusi kinaweza kurudi.